Wati za Kibandiko na Wati za Kazi

Mpwa wangu anayeishi Kasindi, upande wa Kongo wa mpaka na Uganda, anataka kufungua studio ya kuhariri video za harusi na za mahubiri. Ameshapata prosesa, kadi ya picha na kasha. Amebakiza pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alimwambia wati 300 zinatosha. Mwingine, ng'ambo ya mpaka kule Mpondwe, akamwambia asithubutu kushuka chini ya 850. Jioni akanipigia simu: "Mjomba, nimsikilize nani?"

Swali hilo linaulizwa na wengi siku hizi, maana njia za kuingizia kompyuta zimefunguka. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, na mwaka 2022 nchi yetu ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makontena yanatoka Mombasa, yanapita Kampala na Kasese hadi Mpondwe, yanavuka mto Lubiriha, na ndani yake kompyuta za mitumba zinakuja pamoja na nguo na vipuri vya pikipiki. Umeme wa maji nao unasogea. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa Hifadhi ya Virunga uliwashwa mwaka 2013. Butembo, mji uliokua kwa miongo mingi ukitegemea jenereta za watu binafsi, leo una nyaya za kampuni za umeme mitaani. Vijana wana mashine na wana ari. Hata hivyo swali la wati bado linajibiwa kwa kukisia, na gharama ya kukisia huko inawaangukia watu wasio na pesa za kupoteza. Simu ile ilinikumbusha miaka yangu ya karakana, kwanza Butembo, baadaye Kasindi, na yale niliyofundishwa na mashine zenyewe.

Nilianza kazi enzi za prosesa za Pentium 4, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vipuri mjini Butembo. Asubuhi jenereta ndizo zilizoamsha mtaa, na ilipofika jioni kila mmoja alizima yake kwa kuhofia bei ya mafuta. Mwalimu wangu wa kazi, tuliyemwita papa kama tunavyomwita kila mtu mzima tunayemheshimu, hakunipa bisibisi siku za mwanzo. Alinipa pawasaplai mbili, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa wati 450. Moja ilikuwa nzito karibu mara mbili ya nyenzake.

"Sasa tuone uzito huo umetoka wapi," akasema, akazifungua baada ya kuziacha zimechomolewa kwa muda mrefu. Alinionya mapema kwamba kapasita kubwa za ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukishachomolewa, na kwamba mtu asiye fundi hana ruhusa ya kugusa humo. Ile nzito ilikuwa na vipande vinene vya alumini vya kupozea joto, transfoma kubwa, na koili za shaba mahali umeme unapoingilia. Ile nyepesi ilikuwa na alumini nyembamba kama ya mfuniko wa sufuria, na kwenye ubao wake palikuwa na matundu matupu. Alama za koili na kapasita za kuchujia umeme zilikuwa zimechorwa pale kwa rangi nyeupe, lakini vifaa vyenyewe havikuwepo. Mahali pa koili, kiwandani walikuwa wameunganisha kipande cha waya mtupu, umeme upite bila kuchujwa.

Halafu akanifundisha kusoma kibandiko. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani hufuata mpangilio wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995. Hutoa umeme kwa njia tatu kuu: volti 3.3, volti 5 na volti 12. Zamani sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya volti 5 na 3.3. Ilipofika mwaka 2000, Pentium 4 ikaja na plagi ndogo ya nyaya nne inayoipa prosesa umeme kutoka njia ya volti 12. Siku hizi kila kifaa chenye njaa, yaani prosesa na kadi ya picha, kinalishwa na njia hiyo. Kwa hiyo anayetaka kujua nguvu ya pawasaplai aangalie kwanza ampea za volti 12.

Tukapiga hesabu kwa kalamu juu ya kipande cha katoni. Ile nyepesi ilitangaza ampea 16 kwenye volti 12: hizo ni wati 192. Ampea 30 kwenye volti 5: wati 150. Ampea 28 kwenye volti 3.3: wati 92. Ukiongeza njia ndogo ndogo, wati 10 na wati 6, jumla inatimia 450. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sawa, lakini mashine ya Pentium 4 isingeweza kuzitumia wati zile za volti 5 na 3.3, maana mzigo wake ulikuwa upande wa 12, na huko zilikuwepo 192 tu. Tena njia za volti 5 na 3.3 hushirikiana vifaa ndani ya kisanduku, hivyo haziwezi kutoa kiwango chao cha juu zote kwa wakati mmoja. Ile nzito ilikuwa na ampea 30 kwenye volti 12, yaani wati 360.

Somo la siku ile ndilo msingi wa yote niliyoyaona baadaye. Namba kubwa iliyopakwa rangi kwenye boksi huandikwa na muuzaji kwa ajili ya macho. Namba ndogo za kwenye jedwali la kibandiko ndizo zinazoeleza kazi. Mnunuzi anayejua kuzidisha volti kwa ampea ana ulinzi ambao hakuna dhamana ya dukani inayoweza kuushinda, hasa kwetu ambako bidhaa ikishavuka mpaka hairudi.

Baada ya muda nilihamia Kasindi, nikafungua meza ya ufundi kwenye duka moja lililopo kando ya barabara iendayo kwenye kizuizi cha forodha. Pale pesa tatu hupokelewa kwenye droo moja: faranga, shilingi ya Uganda na dola. Malori hujipanga, mawakala wa forodha hukimbia na mafaili kwapani, na bidhaa za kila aina hushushwa na kupakiwa upya. Mashine zilizonifikia zilitoka pande mbalimbali za dunia, na jambo hilo lilileta somo la pili.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepokea kompyuta zilizotumika kutoka Marekani. Nyuma ya pawasaplai zake kulikuwa na kiswichi chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 hivi, kwa hiyo viswichi vyote vilikuwa vimewekwa 115. Mteja wa kwanza alichomeka yake nyumbani, kwenye umeme wa volti 220. Kulisikika mlipuko, moshi ukatoka kwenye matundu ya feni, na kapasita mbili zikapasuka vichwa. Sababu ni kwamba kiswichi kikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huongeza volti mara mbili ili kufidia udogo wa umeme wa kule. Ukiipa 220, kapasita zilizotengenezwa kwa volti 200 kila moja hubebeshwa zaidi ya 300.

Kiswichi kile kingeweza kusogezwa kwa ncha ya kalamu kabla ya kuuza. Tangu siku ile, kila mashine iliyoletwa mezani kwangu niliigeuza mgongo kwanza, nikasoma volti inazokubali, ndipo nikauliza habari za wati. Siku hizi pawasaplai nzuri hazina kiswichi hicho. Zimeandikwa 100–240, nazo hujirekebisha zenyewe. Kwa sisi tunaoishi na umeme unaoshuka saa za jioni, au jenereta inayopumua vibaya ikielemewa, kibandiko cha 100–240 kina thamani kubwa. Kompyuta huendelea kufanya kazi hata volti zikishuka hadi 170, wakati ile ya aina ya zamani huenda ingeshajizima. Kinachobaki ni kuilinda dhidi ya volti kupanda kupita kiasi, na hiyo ni kazi ya stabilaiza.

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa mama mmoja mwenye sekretariati, duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Wateja wake walikuwa mawakala wa forodha wanaohitaji karatasi zao kabla mpaka haujafungwa, kwa hiyo dakika moja ya kompyuta kuzima ilikuwa na maana ya lori kulala Kasindi. Alikuwa na Dell OptiPlex 7010 ya kasha la kusimama, mtumba imara ulioletwa kutoka Dubai, wenye pawasaplai ya asili ya wati 275. Alipoongeza diski ya pili, mtu alimshauri kwamba wati 275 ni kidogo mno, akamuuzia nyingine iliyoandikwa 500. Kuanzia hapo mashine ikawa inajiwasha upya yenyewe, hasa printa kubwa inapoanza kuzunguka kwenye waya mmoja na kompyuta.

"Mwanangu, nimeongeza nguvu, mbona imekuwa dhaifu?" aliniuliza.

Niliunganisha mita ya kupimia wati kati ya soketi na kompyuta. Akiandika barua, mashine ilikula wati 40 na kidogo. Nikaitia kazi nzito, prosesa ikifanya kazi kwa uwezo wake wote na diski zote mbili zikinakili mafaili, haikufika 110. Maana yake, ile ya asili ya 275 ilikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili. Ile ya 500 ilikuwa na ampea 16 kwenye volti 12, na kapasita zake zilikuwa zimeanza kuvimba juu. Nikamuuliza kama ile ya zamani ipo. Ilikuwa chini ya meza, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikaisafisha vumbi, nikairudisha, na tatizo likaisha.

Kwa miaka mingi nimewaeleza watu kisa hicho, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisi katika eneo letu ni za namna hiyo. Kampuni kubwa kama Dell na HP huweka pawasaplai ndogo kwenye mashine zao za ofisi, wati 240, 255, 290 au 320, na namba hizo ni za kweli. Walipima mashine, wakajua mzigo, wakatengeneza kisanduku kinachobeba mzigo huo saa zote. Anayeitoa hiyo na kuweka yenye namba kubwa ya uongo amenunua udhaifu kwa pesa taslimu. Tena baadhi ya mashine hizo zina plagi za pekee: OptiPlex 9020 hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, na HP EliteDesk 800 G1 ina plagi ya pini 6. Ukikimbilia sokoni kutafuta nyingine bila kuichunguza plagi, utarudi na chuma kisichoingia.

Mama yule yule alikuwa na hofu nyingine, na hofu hiyo nimeikuta Butembo, Beni, hata Bwera upande wa Uganda. Alikuwa na jenereta ndogo ya petroli ya wati 650, zile za mapigo mawili. Aliamini kwamba pawasaplai yenye wati nyingi hula mafuta mengi, na kwamba akiweka ya 600 kwenye jenereta ya 650 atabakiwa na wati 50 tu za taa na printa. Nilichukua kompyuta moja, nikaipima mbele yake kwa pawasaplai nzuri ya 300, halafu nzuri ya 600. Mita ilionyesha karibu wati zile zile. Pawasaplai haisukumi umeme ndani ya mashine. Mashine ndiyo inayouvuta kwa kiasi inachohitaji. Namba ya 600 ni mpaka wa juu, na kompyuta yake ilikuwa mbali sana na mpaka huo.

Kinachobadilisha matumizi ni upotevu. Hakuna pawasaplai inayogeuza umeme wote. Sehemu hupotea kama joto. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa 80 PLUS, unaotoa alama kwa pawasaplai zinazopoteza si zaidi ya asilimia 20 zikiwa zimebeba asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wao. Zipo ngazi za juu yake, Bronze, Silver, Gold na kuendelea. Pawasaplai nyingi hufanya kazi kwa ubora zaidi zikiwa zimebeba karibu nusu ya uwezo. Kwa mtu anayenunua petroli kwa chupa, tofauti ya asilimia 70 na asilimia 85 huonekana kwenye mfuko wake kila juma. Alama hiyo ikiwa ya kweli ina faida ya pili: kiwanda kilichopata matokeo hayo kilibidi kitumie vifaa vizuri ndani.

Mita ile ile iliniwezesha kumweleza mama habari za UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. UPS huandikwa kwa VA, na watu husoma VA wakidhani ni wati. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 au 390 tu. Juu ya hapo, pawasaplai za bei ya chini zisizorekebisha mvuto wa umeme huvuta mkondo mkubwa kuliko wati zao zinavyoonyesha. Kompyuta ya wati 200 inaweza kuchukua nafasi ya VA 300 na zaidi. Ndiyo maana unaweza kuona UPS mpya ikilia na kuzima ilhali hesabu ya wati haijavuka.

Kuna jambo dogo la muda hapa ambalo mafundi wengi hulipita. Umeme ukikatika, pawasaplai nzuri huendelea kuishika kompyuta kwa muda mfupi sana kutokana na umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita zake kubwa. Mpangilio wa ATX unataka muda huo ufike takriban milisekunde 16. UPS za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kubadilisha kutoka umeme wa nje hadi betri. Kwa hiyo pawasaplai yenye kapasita kamili, isiyolemewa, huvuka pengo hilo na mwenye mashine hata hajui kilichotokea. Ile iliyopunguziwa kapasita kiwandani, au inayobeba mzigo karibu na kikomo chake, huanguka katikati ya pengo. Mtu hununua UPS ya pili na ya tatu, kumbe aliyeshindwa ni yule wa ndani ya kasha. Katika miji kama yetu, ambako umeme huhama kutoka nguzo kwenda jenereta mara nyingi kwa siku, nafasi ya ziada kwenye pawasaplai ina kazi halisi kila siku.

Miaka ilivyosonga, kazi za watu zikabadilika. Kuchapa kukapungua kidogo, video zikaongezeka. Kijana mmoja wa Butembo aliniletea kompyuta yake ya kuhariria. Alikuwa ameinunulia kadi ya picha ya Radeon RX 580, mtumba, ili video zitoke haraka. Mashine iliwaka vizuri, ikafungua programu vizuri, ikacheza video vizuri. Alipobonyeza kuitoa video nzima, ilizima ghafla. Harusi ya watu ilikuwa ndani, na wenyewe walikuwa wanamsubiri.

Nilifungua kasha nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Kadi ile ilihitaji plagi ya pini 8, na pawasaplai yake haikuwa nayo. Aliyemuuzia alimpa kiunganishi kinachochukua umeme kutoka plagi mbili za diski. Plagi moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na tundu la waya wa njano, ule wa volti 12, lilikuwa limeyeyuka hadi pini ikaonekana imeegemea upande. Nyaya zile hazikuwa zimetengenezwa kwa mzigo huo. RX 580 peke yake hufikia wati 185, na sehemu ndogo tu ya hizo hupitia kwenye mazabodi, maana slotu ya kadi ina kikomo cha wati 75.

Tukakaa tukahesabu. Kadi, 185. Prosesa yake, 65. Mazabodi na kumbukumbu, tuweke 40. Diski mbili, 20. Feni, 10. Jumla 320. Pawasaplai yake ilikuwa imeandikwa 500, na njia ya volti 12 ilikuwa na ampea 18, yaani wati 216. Akiandika au kutazama, mzigo ulikuwa chini ya hapo, ndiyo maana mashine ilionekana nzima. Siku ya kazi kamili ikavuka mpaka, na kinga ikazima kila kitu. Lori linaweza kupandishwa mlima likiwa limeshindiliwa hadi juu, na likafika; ila dereva anayejua kazi hapakii hivyo kila safari, kwa sababu injini ndiyo itakayolipa. Tulimtafutia yenye wati 550 za kweli, yenye plagi yake ya pini 8 iliyotoka kiwandani. Kazi yake nzito ikawa inachukua chini ya asilimia 60 ya uwezo, feni ikatulia, na video ya harusi ikatoka.

Hapo nilielewa kwamba kompyuta lazima ipimwe kwa saa yake ngumu. Fundi anayeiwasha, akaona picha kwenye skrini na kusema "imepona," amejaribu wakati ambao mzigo ni mdogo kuliko wote. Mteja ndiye atakayeikuta saa ngumu, peke yake, kazi ya watu ikiwa mikononi mwake.

Upande wa pili nao upo. Nimemwona mwenye duka aliyenunua pawasaplai ya wati 1000 kwa kompyuta ya kuandikia mauzo, mashine ambayo haikufika wati 60. Alishawishiwa kwamba kubwa ni salama. Haikumharibia mashine, lakini mzigo wake ulikuwa chini ya asilimia 10 ya uwezo, mahali ambapo pawasaplai nyingi hupoteza umeme kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida. Pesa alizotoa zingetosha kununua pawasaplai nzuri ya kiasi chake, pamoja na UPS na diski ya kuwekea nakala za hesabu zake. Miezi iliyofuata diski ikafa, na madeni ya wateja wake yakapotea yote. Bajeti ya mtu mdogo ni moja. Kila dola iliyowekwa pasipohitajika imetolewa mahali panapohitajika, na kwangu hilo ni kosa zito sawa na kununua ndogo.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimjibu kwa kuhesabu naye kwenye simu. Prosesa yake ni Core i5-12400, iliyoandikwa wati 65, lakini Intel wenyewe wanasema inaweza kupanda hadi 117 ikifanya kazi kwa nguvu; tukachukua 117. Kadi yake ni RTX 3060, wati 170. Mazabodi, kumbukumbu, diski na feni, tukaweka 60. Jumla 347. Pawasaplai ya 300 haiwezi kubeba mzigo huo hata kwa maombi. Ya 850 itaubeba, ila atalipia nafasi asiyoihitaji. Nvidia, waliotengeneza kadi hiyo, wanapendekeza 550, na hesabu yetu inakubaliana nao: 347 ni kama asilimia 63 ya 550. Nikamwambia atafute 550 au 600 yenye ampea zisizopungua 40 hivi kwenye volti 12, iliyoandikwa 100–240, yenye plagi ya kadi isiyohitaji kiunganishi. Salio kati ya hiyo na ile ya 850 liende kwenye UPS ya VA 1000 yenye wati 600, kwa sababu mashine na skrini kwa pamoja zitavuta kama wati 440 kutoka ukutani saa ya kazi. Na aijaribu UPS hiyo na mashine yake kabla ya kulipa: zipo za bei nafuu zinazotoa umeme wa mawimbi yaliyokatwa, na pawasaplai nyingine za kisasa hugoma zikipewa umeme wa namna hiyo.

Hesabu yote hiyo haikumaliza salio lake la simu. Hilo ndilo linalonipa uchungu ninapokumbuka pawasaplai zote nilizozitupa zikiwa zimepasuka, na watu waliokaa mbele ya meza yangu wakishika vichwa. Hakuna aliyepotezewa kazi yake na jambo gumu. Wengi walipotezewa na kuzidisha kulikoachwa: volti kwa ampea, kisha kujumlisha mzigo wa saa ngumu, kisha kuacha theluthi moja au zaidi iwe nafasi ya kupumulia.

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanajulikana hadi Dubai na Guangzhou kwa kujua bei, uzito na ubora wa kila wanachonunua. Kitambaa hukipima kwa vidole kabla ya kukubali bei. Nawaomba waipe pawasaplai heshima hiyo hiyo. Wanapoagiza katoni, waombe kwanza picha ya jedwali la kibandiko, wasome ampea za volti 12, wakatae yoyote ambayo wati zake kubwa zimejengwa kwa volti 5. Mafundi nao waweke mita ya wati mezani, waijaribu kila mashine kwa kazi nzito mbele ya mwenyewe kabla ya kupokea pesa. Na walimu wa ufundi wa kompyuta, Beni na Butembo, wafundishe hesabu hii juma la kwanza, kabla mwanafunzi hajafungua kasha. Kipimo hiki kinahitaji kalamu, kipande cha katoni na uaminifu, na vyote vitatu vinapatikana Kasindi.